Nyanya Kilo Tatu na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa chumba cha mbele anahama! Amepata uhamisho. Alikuja kuniaga na ndoo mkononi, nikajifanya kusikitika. Moyoni nilikuwa nimeshapanga meza.

Chumba cha mbele si chumba, ni bahati. Dirisha la barabarani. Kibaraza. Kivuli mchana kutwa. Weka pale kompyuta moja na mashine ya kudurufu, basi. Sasa hivi nachapa barua za watu dukani kwa bosi, na faida anaila bosi. Nikihamia mbele nitachapa barua zilezile na faida nitaila mimi. Mpango hauna kasoro.

Una kasoro moja. Fundi Simu naye anakitaka. Huyu ni mpangaji mwenzangu, tunapakana ukuta. Anatengeneza simu humo humo chumbani, juu ya meza iliyojaa chaja zilizosokotana kama utumbo. Ana tabia ya kucheka kabla mtu hajamaliza sentensi. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mtaalamu, na hakunipa kwa nia njema.

Mama Mwenye Nyumba amesema hana haraka. Atampa chumba yule atakayemwona anamfaa.

Jioni nikawasha redio yangu. Ya zamani, nzito, inatumia betri, mshipi wake umekatika. Ilikuwa inakoroma tu. Nikamwona Mama kasimama mlangoni. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama kidude hicho kinaweza kushika kituo cha kule ng'ambo ya mpaka.

Nikasema ndiyo. Nilisema hata kabla hajafika kwenye neno mpaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata siri yote kwa Mwalimu, mpangaji wa chumba cha kona. Mama ana binti mmoja tu. Binti aliolewa huko ng'ambo, Mama hakupenda aende mbali. Siku ya kuondoka walirushiana maneno getini. Binti akaapa hatapiga simu yeye kwanza. Mama akaapa hatapiga simu yeye kwanza. Mwaka umepita na zaidi. Hakuna simu iliyolia.

Mwalimu alisoma na huyo binti, wanaongea kila mara. Lakini akimtaja tu mbele ya Mama, Mama anainuka kwenda kuangalia jiko, hata kama halijawashwa.

Nikamuuliza Mwalimu, sasa redio ya ng'ambo anaitakia nini? Mwalimu akasema Mama mwenyewe anadai hana haja na habari za mtu yeyote. Anataka tu kujua kama kule mvua imenyesha.

Nimeelewa! Atakayemletea Mama sauti ya ng'ambo ndiye atakayemfaa. Nimeanza leo leo. Nilisikia zamani kwamba vituo vya AM vya mbali vinahitaji waya mrefu, na waya mrefu kuliko wote hapa kwetu ni ule wa kuanikia nguo uani. Nikazianua nguo zote, nikaziweka kwenye benchi, nikaunganisha redio. Ikanguruma vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kituo, hakuna.

Benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Suruali nyeupe ya Fundi Simu imekutwa mtaroni. Mara hii hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Mngurumo una mwenyewe! Nimeufuatilia kwa sikio. Nikiipeleka redio kwenye ukuta wangu wa kushoto inalia kama mashine ya kusaga. Nikiipeleka kulia inapoa. Kushoto kuna nani? Kuna chaja za Fundi Simu. Zote zimo ukutani mchana na usiku, zinatoa kelele isiyosikika kwa binadamu ila kwa redio.

Nilimwendea kiungwana. Nikamwomba azichomoe jioni. Akasema chaja zake ndizo ugali wake. Nikamwambia anamnyima mama mtu mzima habari za mvua. Akaniuliza mvua ya ng'ambo itaniloanisha wapi.

Nikapeleka shauri kwa Mama. Mama hakusema mengi. Alisimama mbele ya mlango wa Fundi Simu jua likizama, mikono kiunoni, mpaka chaja zote zikachomolewa, ikabaki moja ya mteja mkorofi.

Moja kwangu, sifuri kwake.

Hiyo moja iliyobaki nimeimaliza kwa akili. Nimegundua kwamba redio ni kama mtu anayesikia kwa masikio ya pembeni. Ikigeuzwa ncha yake ikaielekea kelele, kelele inakufa. Niligeuza, nikageuza, nikasogeza stuli, nikageuza tena. Mara, kwa mbali sana, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi: mwanamume anasoma taarifa. Kwa Kiswahili. Lakini si Kiswahili cha hapa!

Nilimwita Mama mbio. Alipofika kikawa kimezama. Akasubiri. Kikaibuka, kikazama. Nilimweleza kwamba vituo vya mbali ndivyo vinavyopumua. Akasema basi hicho kina pumu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumekishika sawasawa! Mama alikuja na kigoda chake na birika la chai. Alivaa na kitenge kizuri, sijui cha nini, redio haioni.

Mtangazaji anaongea haraka, maneno mengine anayabana, mengine sijawahi kuyasikia. Mama akawa anakunja uso. Akaniuliza kama ninaelewa. Nikamwambia mimi kule nimekaa. Ukweli ni kwamba basi niliyopanda zamani iliharibika karibu na mpaka, tukalala kituoni. Lakini kulala ni kukaa. Tangu leo mimi ndiye mkalimani rasmi.

Kazi ilianza papo hapo. Mtangazaji akasema tarakilishi thelathini zimeibwa katika shule moja, walinzi wanahojiwa. Mama akauliza tarakilishi ni nini. Mkalimani hasiti. Nikamwambia ni mbuzi wa kisasa, wale wa maziwa mengi, shule za kule zinawafuga ili wanafunzi wapate maziwa. Mama akasikitika sana. Alisema watu hawana haya, kuiba mbuzi wa watoto.

Mvua imenyesha kule. Hilo nililielewa bila tafsiri. Mama akatikisa kichwa, akanywa chai yake, akasema afadhali. Kisha akakumbuka kwamba hajali, akachukua kigoda chake akaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ametangaza habari ya mbuzi uani mbele ya wapangaji wote. Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe tarakilishi ni kompyuta. Hicho ndicho kitu ninachokaa mbele yake kutwa nzima kwa bosi, vidole vyangu vinakijua kuliko vinavyojua kijiko.

Nikasema nilijua. Nilikuwa napima kama Mama anasikiliza kwa makini.

Fundi Simu akaona pengo, akajipenyeza. Akamwambia Mama aache kuhangaika na makoroma, kituo kile kile kinapatikana kwenye simu, kisafi kama maji ya chupa. Akakibonyeza. Kweli kikaongea! Nilihisi chumba cha mbele kikiota miguu.

Mama akairudisha ile simu kama mtu anayerudisha kitu cha moto. Alisema aliapa kuhusu simu. Simu ni simu, hata ikiimba.

Mbili kwangu. Mwenyezi Mungu anawapenda watu wa redio.

Jumapili, 9 Machi

Sasa kila jioni. Kigoda, birika, kitenge. Najifunza lugha kwa kasi ya ajabu. Wenzetu wa kule wanasema runinga, wanasema rununu, wanasema vitu vingi tu. Kisichoeleweka nakipa maana inayofaa. Kituo kikizama katikati ya habari najaza mwenyewe, maana Mama hapendi habari isiyo na mkia.

Baada ya taarifa huwa kuna kipindi cha salamu. Watu wanatuma majina, mtangazaji anasoma. Mama haondoki kipindi hicho. Anajifanya anasuuza vikombe, lakini kikombe kimoja hakiwezi kusuuzwa muda wote huo.

Mwalimu leo alisimama nasi kidogo. Alimwangalia Mama, akaangalia redio, akaondoka anatabasamu huku anaandika kitu kwenye simu yake. Kesho anasafiri kwenda kusimamia mitihani shule ya mbali. Wiki nzima. Nimefurahi. Mkalimani hahitaji mwalimu begani.

Jumanne, 11 Machi

Siku kubwa!

Umeme ulikatika magharibi, mtaa mzima. Watu wakalalamika, mimi nikaruka. Maana chaja zimekufa, mafriji yamekufa, taa zimekufa, kelele zote zimekufa! Redio yangu ya betri ikawa peke yake duniani. Kituo kikaingia kama mtangazaji kakaa kitandani kwangu.

Salamu zikaanza. Fulani anamsalimu fulani. Kisha nikasikia wazi: salamu kwa mama yake mpendwa, mwenye nyumba ya geti la buluu, karibu na mnara wa maji.

Geti letu ni la buluu. Mnara wa maji uko pale.

Kikombe kilimponyoka Mama. Hakikuvunjika, ni cha bati. Akasogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusa stuli ya redio.

Na hapo hapo kituo kikaanza kuzama. Niliigeuza, nikaiinua, nikaishika kifuani kama mgonjwa. Tulichopata ni hiki: “...kwamba sasa... nyanya... kilo tatu na nusu... wote wazima...” Kisha mvumo. Kisha tangazo la mabati.

Mama akanitazama. Aliniuliza polepole, nyanya?

Nikafikiri haraka. Mbona rahisi. Binti anamtumia mama yake nyanya, kilo tatu na nusu, na anamhakikishia kwamba zimefungwa vizuri, zote nzima. Mtangazaji alisema wote wazima badala ya zote nzima, lakini wenzetu kule ngeli zinawasumbua, kila mtu anajua.

Nikamweleza hivyo. Mama akashika shavu. Akasema mtoto huyu tangu mdogo hajui kuomba msamaha kwa mdomo, anaomba kwa vitu. Siku moja alivunja mtungi, akamletea yai.

Aliingia ndani bila kuchukua kigoda. Nilimsikia anapenga kamasi.

Chumba cha mbele ni changu. Nimepima dirisha kwa hatua.

Jumatano, 12 Machi

Mama ameshinda ofisi ya vifurushi kwenye stendi ya mabasi. Amerudi mikono mitupu. Amesema labda kesho, njia ni mbaya, mvua imenyesha kule, yeye mwenyewe alisikia.

Ameosha na kikapu cha kuzipokelea.

Alhamisi, 13 Machi

Ameshinda tena stendi. Kwa mujibu wa mpiga debe mmoja ninayemfahamu, alikuwa akilisogelea kila basi linaloingia kutoka upande ule, na kuwauliza makondakta kama hawana mzigo wa nyanya. Wamemzoea. Wamempa kiti.

Jioni hakutaka redio. Alisema yule ni mtoto wa maneno tu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ndiyo maana nilishindwa kula vizuri.

Fundi Simu ameniuliza mbele za watu, hizo nyanya zinakuja kwa miguu? Akacheka kabla sijajibu.

Nimewaza. Nyanya zikikosekana, mkalimani ni mwongo. Mkalimani akiwa mwongo, chumba kimekwenda. Na Mama, basi, naye atajisikia vibaya. Kwa hiyo nyanya zije.

Ijumaa, 14 Machi

Mpango umekamilika, na ni mpango wa mtu aliyesoma.

Nimekwenda soko la mbali, si letu, ili wasinitambue. Nimechagua nyanya moja moja, ngumu, zenye mng'aro. Muuzaji aliniuliza kama naposa. Nikataka kilo tatu na nusu, si gramu chini. Mizani yake ilikuwa ya mashaka, nikaongeza mbili za kuziba pengo. Nikanunua kikapu kipya chenye mfuniko. Nikafunga kila nyanya kwa gazeti ili isichubuke njiani, yaani njia ambayo haikuwepo.

Dukani kwa bosi nikachapa karatasi ya kubandika: jina la Mama, geti la buluu, na juu yake jina la kampuni ya mabasi niliyoibuni mwenyewe, pamoja na picha ya basi. Bosi aliniuliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ya mteja wa ng'ambo. Si uongo sana.

Kesho alfajiri nakiweka getini.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie getini.

Nilikiweka, nikarudi kitandani, nikalala kwa macho. Nikasikia Mama anafungua geti kufagia. Fagio likanyamaza. Kisha akaita, akatuita wote, hata Fundi Simu, hata Mwalimu aliyekuwa ameingia usiku na bado ana mkoba begani. Tulimkuta amekipakata kile kikapu. Hakuwa analia. Alikuwa kama mtu aliyeshtakiwa halafu akaachiwa.

Fundi Simu akainama kukagua. Akasoma karatasi yangu. Akafungua nyanya moja, akalikunjua gazeti. Akalitazama, akanitazama. Lilikuwa gazeti la hapa kwetu. La juzi.

Akafungua mdomo. Mimi nikafunga macho. Lakini Mama akamkatiza, akampa simu yake, akamwambia amwekee sauti kubwa maana sikio la simu lile limekufa. Alisema mtoto ametangulia kwa mkono, hivyo yeye akitangulia kwa simu hajavunja kiapo cha mtu. Ni hesabu yake, sikuingilia.

Simu ikaita. Uani tulisikia sote.

“Mama?” sauti ikasema.

“Nimezipata,” Mama akasema. “Nzuri. Hata moja haikupondeka. Asante, mwanangu.”

“Umepata nini, mama?”

“Nyanya.”

“Nyanya gani?”

“Si ulizotuma. Kilo tatu na nusu. Tumesikia redioni.”

Fundi Simu akaanza kutetemeka mabega. Mwalimu akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akaniangalia mimi kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena.

“Mama,” binti akasema, “mimi sijatuma nyanya. Nyanya ni wewe.”

Mama akabadilika sura. Niliona ugomvi wa getini ukirudi, ule ule wa mwaka jana.

“Mimi nyanya? Mimi mama yako unaniita nyanya? Kwa sababu nimezeeka nimelainika, ndiyo?”

“Mama, huku nyanya ni bibi! Bibi! Mama wa mama! Nimejifungua, mama. Wa kiume. Kilo tatu na nusu. Sote wazima.”

Na huko nyuma, kama vile amesikia anatajwa, mtoto akalia. Simu ya Mama ni ya bei ndogo, ilikuwa inapasua sauti. Hakuna aliyesogea.

Mama akakaa chini, pale pale, kwenye vumbi alilokuwa hajamaliza kulifagia. Akauliza anaitwa nani. Akauliza ananyonya vizuri. Akauliza nani anakuogesha. Aliuliza mambo ya mwaka mzima. Tukaanza kutawanyika mmoja mmoja bila kuambizana.

Nilipogeuka nilimwona amekata simu na bado amekaa. Kikapu kilikuwa mapajani. Akakiinua taratibu, akakilaza kwenye mkono wa kushoto, kiwiko chini ya kitako cha kikapu, kiganja nyuma. Akakipima. Akakibembeleza kidogo.

Akasema peke yake, “Kumbe ndio uzito wake huu.”

Nilikuwa nimeongeza nyanya mbili. Sikusema.

Jumapili, 16 Machi

Hukumu.

Mwalimu amesema alijua habari ya mtoto muda wote, lakini aliapishwa. Binti alitaka kusema mwenyewe. Yeye ndiye aliyempa wazo la salamu baada ya kuona jinsi Mama anavyosuuza vikombe. Aliniuliza ningepungukiwa nini kama ningesema sijui maana ya neno lile. Nikamjibu kwamba mkalimani asiyejua si mkalimani. Akasema ndiyo hivyo hivyo.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa anazikata zile nyanya. Hakupandisha sauti. Aliuliza kikapu nilikitoa wapi, nikasema sokoni. Akaendelea kukata.

Kisha akasema, “Neno moja ulikosea, mwanangu. Kikapu kizima ulidanganya.”

Nikainamisha kichwa. Nilipokuwa nimekiinamisha nikauliza, kwa heshima zote, kuhusu chumba cha mbele.

Kisu kikasimama.

Chumba cha mbele ni cha binti. Atakuja na mtoto, mtoto akikaza shingo kidogo. Dirisha la barabarani litawekwa pazia. Kesho Mama mwenyewe anapanda basi, la kweli, kwenda kumwona mjukuu. Ufunguo wa nyumba ameuacha kwa Mwalimu.

Fundi Simu naye amekosa. Tulikaa pamoja kwenye benchi lile la mguu mfupi, kila mmoja na bakuli lake la mchuzi wa nyanya. Aliniambia ule mpango wa gazeti ulikuwa wa kijinga sana. Akasema yeye angetumia majani makavu ya migomba. Ni kweli. Sikulifikiria hilo. Makosa yangu yote yanatokana na ufungashaji.

Jumanne, 18 Machi

Nyumba iko kimya. Kwa kukosa la kufanya niliwasha redio jioni. Hewa ilikuwa safi, nikashika kituo kingine kabisa, cha mbali zaidi, sijawahi kukisikia! Lafudhi yao ni nyingine, ila mtu mwenye uzoefu kama mimi anaizoea kwa dakika tatu.

Walikuwa wanasoma bei za soko. Wakasema kule njugu zimeadimika, wafanyabiashara wanazitafuta kwa tochi. Mtangazaji akaongeza kwamba watoto wa shule wamekosa hata za kutafuna njiani, zile za kukaangwa na kufungwa kwenye karatasi. Nikashangaa kidogo. Mimi njugu ninazozijua ni zile za duara, ngumu kama kokoto, za kuchemsha nusu siku. Kuzitafuna njiani zitakung'oa meno. Zile za kukaanga na kufunga kwenye karatasi sisi tunaziita karanga. Lakini kila nchi na meno yake.

Nikatoka mbio kwenda kwa mwenye duka la nafaka pale kona. Ni mtu mzito, haamini haraka. Alisikiliza akiwa ameegemea magunia. Akaniuliza kama nina hakika na neno lenyewe, maana amesikia kulikuwa na mkanganyiko fulani kwenye nyumba ya geti la buluu.

Nilimwekea mkono begani. Nikamwambia ule ulikuwa mkanganyiko wa nyanya, hauhusiani. Njugu ni njugu, popote duniani.

Ameagiza lori.